Katoni Mbele ya Rejeta

Nianze na katoni, maana hasira yangu nayo inaanzia hapo. Baridi ya kwanza ikipiga DeSoto, pembeni ya Dallas kule Texas, magari ya Waswahili kwenye apatimenti zetu yalikuwa yanavalishwa maboksi. Ukipita asubuhi kwenye maegesho unaona mwenyewe: gari ya Mmarekani iko wazi, gari ya Mmeksiko iko wazi, halafu unafika kwenye gari ya Mtanzania na nyuma ya ule wavu wa mbele kuna kipande cha boksi chenye picha ya mtoto amevaa nepi, au televisheni, au mashine ya kukaanga viazi. Maboksi yalitoka Mesquite, kwenye ghala alikokuwa anafanya kazi mtu mmoja. Mtu huyo aliyapima kwa viganja, akayakata kwa kisu cha jikoni, na akishakuchomekea la kwako analigonga mara mbili na kusema, "Haya. Sasa injini itapata joto."

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, na wengine tulilijua, lakini sikumbuki hata siku moja nimelisikia mdomoni mwa mtu. Mimi naye aliniita Nesi, tangu siku ya kwanza, kabla hata sijaanza kazi.

Sasa mtu atauliza, injini gani hiyo isiyopata joto mpaka ivishwe boksi? Ndiyo swali lenyewe, na jibu lake ndilo lililotaka kuninyonyoa nywele. Injini zetu hazikupata joto kwa sababu Fundi mwenyewe, kwa mikono yake miwili, alikuwa ameshazitoa thamostati.

Kwa asiyejua magari, na mimi nilikuwa simo kabisa, thamostati ni kidude kidogo, kinatosha kiganjani. Kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ili maji yabaki kwenye injini yapate moto upesi. Yakishapata moto, kinafungua, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini kwetu gari ikichemsha mara mbili tu, fundi anakitoa anakitupa, maji yanapita muda wote, na mwenye gari anashukuru. Fundi alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini kwenye gereji yake Dar es Salaam, akiwa na vijana saba chini yake, na hakuna gari hata moja iliyorudi kulalamika kwamba inasikia baridi. Itasikia baridi wapi, Ubungo?

Akaja Texas mwezi wa Julai. Watu waliofika Texas Julai wananielewa. Lami inanata kwenye soli ya kiatu, usukani huwezi kuushika. Fundi akaangalia huku na huku, akahukumu kwamba nchi hii ni ya joto, na hukumu hiyo hakuibadilisha tena. Desemba ilipofika na mabomba yakaganda, alisema nchi inajifanya tu.

Kwa hiyo kila gari iliyonunuliwa na mgeni wetu ilipitia kwake, na jambo la kwanza, hata kabla ya kuangalia oili, alifungua na kutoa thamostati. "Hii ndiyo inaua injini," alikuwa anasema, akikishika kidude kwa ncha za vidole. Wengine aliwapa kama kumbukumbu. Mimi cha kwangu alikitia mfukoni.

Na ubishi nao ulikuwa haupiti. Mtu akimwambia hita inatoa upepo wa baridi, jibu lilikuwa moja. "Itazoea." Unamwambia Fundi, gari inakunywa mafuta kama nini sijui. "Itazoea." Uongozi wa apatimenti ukaleta barua kwamba kuna moshi na kelele za magari alfajiri. Akaisoma kwa miwani ya kuazima, akaikunja mara nne, akasema, "Watazoea." Nilipokuja mara ya kwanza nikawa nalia kila Jumapili baada ya kuongea na mama kwenye simu, Fundi alinikuta kwenye ngazi, akasimama mbali kidogo kwa adabu, akasema, "Utazoea, Nesi." Hilo moja alipatia. Na kwa kuwa alipatia hilo moja, sikuweza kumchukia kwa hayo mengine, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu yote.

Maana nisimseme upande mmoja. Mwaka 2017 nilipopata kazi hospitali moja Plano, sikuwa na gari, na kutoka DeSoto mpaka Plano unaipita Dallas nzima. Fundi alizunguka na mimi Jumamosi nne mfululizo kutafuta gari. Alikuwa anakwenda na mwiko. Mwiko wa ugali, wa mbao, anaushika kichwa, mpini anauweka kwenye injini, kichwa chenyewe anakibana sikioni, anafumba macho. Wauzaji wanatazamana. Mimi natamani ardhi inimeze. Halafu anafumbua macho anamwambia muuzaji, kwa Kiingereza chake cha kukata kata, kwamba silinda ya tatu inaumwa, na muuzaji anaacha kucheka. Alikataa magari kumi na moja. La kumi na mbili, kigari cha Kijapani cha rangi ya majivu, alilisikiliza, akatabasamu, akaupangusa mwiko. Kigari hicho ninacho mpaka leo na hakijawahi kunilaza njiani, isipokuwa mara moja, na mara hiyo nitaisema.

Alikuwa anasema wanawake na injini haviendani. Alilisema mbele yangu, bila haya, huku amenishikisha tochi. Lakini kati ya watu wote pale, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyefundishwa kama mimi. "Nesi, hii nini?" Rejeta. "Na huu?" Mpira wa juu wa rejeta. "Ukitaka kujua gari ina thamostati au haina, bila kufungua nati hata moja, unafanyaje?" Ikabidi niseme sijui. "Unawasha gari ikiwa imelala baridi, unaushika huu mpira. Ukipata uvuguvugu taratibu, njia iko wazi, haina. Ukikaa baridi, baridi, baridi, halafu ghafla ukakuunguza, basi kile kidude kimo." Akanirudisha mwanzo mpaka nikalisema lote bila kukosea. Nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, miguu imevimba, na mzee wa watu ananipa mtihani.

Mvumilivu kweli, na palepale anaitukana spana iliyoteleza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Anasisitiza watu wavae makoti, yeye anatoka kwenye barafu na sweta ya mikono mifupi, soksi na kandambili. Gari yake mwenyewe, ya fundi mzima, ilikuwa haiwaki siku tatu kwa wiki, na siku hizo ni sisi tuliompeleka kazini.

Sasa katoni. Katoni ilikuwa dawa yake ya msimu: boksi linazuia upepo usiipige rejeta, injini inapata joto kidogo. Na kweli inasaidia, sikatai. Lakini Texas si Ulaya. Asubuhi unakwangua barafu, saa nane mchana watu wamevaa fulana. Boksi lililokuokoa asubuhi linaichemsha gari mchana. Kwa hiyo ilibidi wakati wa chakula nitoke wodini, nishuke ghorofa nne, nivuke maegesho yote na sare zangu, nifungue boneti, nichomoe picha ya mtoto mwenye nepi, niitie nyuma ya gari, nirudi mbio. Wauguzi wenzangu walinitazama kutoka dirishani. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nilikuwa na mtoto. Siku moja ya Desemba niliisahau. Nikiwa njiani kurudi, mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukatoka, nikasimama pembeni ya barabara kuu magari yanapita kwa vishindo, nikampigia simu. Alikuja na gari ya kuazima. Akafungua, akaona boksi limenyauka, akanitazama.

"Unaona?" akasema. "Imechemsha. Na ingekuwa na thamostati ingekufa kabisa."

Jamani. Ningemtwanga na mwiko wake mwenyewe.

Na katika yote hayo kuna jambo ambalo bila kulisema nitakuwa mwongo. Fundi alikuwa na kishada cha funguo, funguo za akiba za magari saba, zetu sisi wauguzi na wanafunzi tuliotoka alfajiri. Msimu wa baridi, kabla hata ya swala ya alfajiri, anashuka na kandambili zake, anapita gari moja baada ya nyingine, anaziwasha. Kila gari dakika ishirini. Wakati zinaunguruma, anakwangua barafu kwenye vioo kwa kadi ya supamaketi iliyokwisha muda wake, anakung'uta, anakwenda nyingine. Ukishuka saa kumi na moja na nusu unaikuta gari yako inakusubiri. Mwenyewe humwoni, ameshaingia kujiandaa kwenda Mesquite. Hakuna aliyemtuma. Akikukuta baadaye ukamshukuru anasema injini inataka kuamshwa, si kushtuliwa.

Yaani mtu huyohuyo ametutolea kinachopasha injini moto, halafu anaamka gizani kutupashia. Nilikuwa nikifikiria hivyo ndani ya gari, upepo wa baridi unanipiga magotini, nacheka peke yangu kwa hasira.

Kwa sababu dakika ishirini za Fundi zilikuwa hazifiki mbali. Ukishaingia barabara kuu, upepo unaipoza rejeta, maji yanapita ovyo, na injini inarudi baridi. Mwezi wa kwanza wa 2018, nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani nikiwa katikati ya Dallas. Hita natia mwisho, inatoa upepo kama wa friji. Nafuta kwa kiganja, kunakuwa kweupe tena. Lori likanipigia honi ndefu ubavuni na nikajua nimehama njia bila kuiona. Nikatoka barabarani, nikasimama kwenye kituo cha mafuta, nikakaa mpaka jua likatoka. Nilifika nimechelewa kwa mara ya pili. Msimamizi wangu aliniita ofisini, akaongea taratibu, na maana yake ilikuwa kwamba hakuna mara ya tatu. Wiki hiyohiyo taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na taa ile ikiwaka gari haipiti ukaguzi wa mwaka. Kumbe kompyuta ya gari nayo ilikuwa imechoka kungoja joto.

Wambui, Mkenya niliyekuwa naishi naye, mwanafunzi wa uuguzi, alinisikiliza nikifoka jikoni, akashindwa kuvumilia. "Si umwambie tu! Kwani atakuuma?"

"Mwambie wewe. Na wewe si una katoni?"

"Mimi? Aki sitaki maneno na Fundi. Nani ataniwashia gari?"

Lakini si kuwashiwa gari tu. Wote wawili tulikuwepo Jumamosi ile ya mhandisi, maana kila Jumamosi Fundi alitengeneza magari pale kwenye maegesho, na watu tulishinda hapo na vyakula vyetu. Jamaa mmoja wa Kitanzania, mhandisi kwenye zile ofisi kubwa za Plano, kijana mzuri tu, alikuja kuchukua gari ya shemeji yake. Akamkuta Fundi ameshika thamostati. Akamwambia, mbele ya watu wote, na watoto, na chapati ziko mezani, kwamba kutoa kile kidude ni ushamba, kwamba kunaharibu injini, kwamba hata watoto wa shule wanajua. Akatoa simu akaonyesha video. Fundi aliiangalia video mpaka ikaisha. Akamrudishia simu yake. Akashusha mikono ya shati, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, akafunga vifungo, akaingia ndani.

Hakutoka Jumamosi mbili. Magari yalikaa na boneti wazi. Kishada cha funguo alikuwa amemletea Wambui mlangoni, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwona mara moja tu katikati, kwenye kituo cha basi, amevaa fulana ya ghala yenye namba mgongoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama wanavyomwona huko Mesquite: mzee mwembamba wa kubeba maboksi. Basi. Ilibidi tupeleke ujumbe wa watu watatu na sinia ya pilau, na uongo kwamba gari ya shemeji imezimika tangu irudishiwe kile kidude, ndipo akazichukua funguo zake.

Sasa nimwambie nini mtu huyo? Kwamba video ilikuwa kweli?

Sikumwambia. Nikaenda gereji moja Mesquite siku ya mapumziko, nimevaa kofia na miwani ya jua mwezi wa Januari, nikiogopa nisikutane na mtu anayemjua. Kijana wa pale akafungua, akachungulia, akaniuliza nani aliitoa thamostati. Nikasema mjomba wangu. Akasema mjomba wako anatoka nchi ya joto, na hakusema kwa dharau. Chini ya saa moja kazi imekwisha, taa imezimwa. Nikarudi DeSoto. Nilipofika nusu ya safari joto likaja, likaanzia kwenye vidole vya miguu, likapanda. Nililia, nakiri, mtu mzima mimi, nalia kwa sababu ya hita.

Halafu nikakumbuka alfajiri. Kesho Fundi ataiwasha gari yangu, atakaa ndani, ataona mshale wa joto unapanda mpaka katikati na kutulia pale, kama ambavyo haujawahi kufanya tangu aishike. Mshale utanisemea. Nikaingia ndani, nikatafuta, nikapata stika ya kwaya yetu ya kanisani, ya mviringo, yenye msalaba na noti za muziki, nikaibandika juu ya kioo cha dashibodi, palepale kwenye mshale wa joto. Fundi ni Mwislamu na mtu wa heshima sana na dini za watu. Nilijua hataigusa.

Aliniuliza mara moja. "Nesi, hii nini tena?"

"Ya kwaya, Fundi."

"Mungu awabariki," akasema, na hakuuliza tena.

Kwa hiyo nikaishi na uongo wangu misimu miwili ya baridi. Uongo wenyewe ulikuwa na kazi zake. Desemba naendelea kupokea katoni mpya, nashukuru, nikipita kona ya kwanza nachomoa. Na siku gari yake isipowaka nampeleka Mesquite, hita nimezima. Si ninayo! Hita inayoweza kuchoma mkate! Lakini nikiiwasha atajua. Tunakwenda tumekunja mikono makwapani, yeye na sweta yake, mimi na koti na skafu, pumzi zinatoka nyeupe, na yeye ananieleza kwamba baridi ya mwaka huu si kitu. Wambui akacheka mpaka akakaa chini siku nilipomsimulia. "Ati mna heater na mnakufa baridi juu ya adabu?" Ndiyo, Wambui. Juu ya adabu.

Na kila alfajiri, katika misimu hiyo miwili, niliisikia gari yangu ikiwashwa kule chini. Nalala kitandani macho makavu. Haihitaji tena, nasema moyoni. Shuka umwambie arudi alale. Sikushuka hata siku moja.

Katikati ya 2019 binti yake alimchukua akakae naye Houston. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka na ghalani walimpumzisha. Siku ya kuondoka alirudisha funguo zote saba, kila moja ameifunga kikaratasi chenye jina, na Wambui, asiyetaka maneno, ndiye aliyelia kuliko wote.

Nilimwona tena Januari 2020. Nilishuka Houston kwa harusi ya mfanyakazi mwenzangu nikalala kwa binti yake, mwanamke wa rika langu, mkarimu, ana haraka muda wote. Nyumba nzuri, mtaa wa nyasi zilizonyolewa. Nilipomuuliza mjukuu babu yuko wapi alinijibu kwa Kiingereza kwamba yuko gereji. Moyo wangu ukafurahi. Nikafungua mlango wa gereji ya nyumba: hakuna gari, hakuna kitu, sakafu inang'aa, na Fundi amekaa kwenye kiti cha plastiki ameutazama mlango mkubwa uliofungwa. Sanduku la vifaa lilikuwa juu ya rafu, limefungwa kufuli.

"Shikamoo Fundi."

Alichelewa kidogo kuitika, na nikaelewa kwamba hakuna aliyemwita hivyo kwa muda mrefu. "Marahaba, Nesi. Marahaba."

Usiku mezani binti yake alinivuta pembeni. "Dada, tafadhali usimpe kazi. Mikono haimsikii, na mtaa huu wana sheria zao, ukifungua boneti barabarani wanakuletea barua." Nikasema nimeelewa, na nilielewa kweli, naye alikuwa na haki.

Asubuhi baridi ilikuwa imeshuka mpaka Houston. Barafu nyembamba kwenye vioo vya magari, mtaa mzima. Nikatoa begi. Fundi akatoka kunisindikiza, sweta ileile, soksi na kandambili, mikono ameificha makwapani ili nisiione. Alisimama mbali na gari, kama mgeni.

"Gari inasemaje?" akauliza.

Ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima kuliko siku yoyote ya maisha yake. Nilichotakiwa kusema ni nzuri, Fundi, tunashukuru, nikapanda nikaondoka, na siri yangu ikabaki salama chini ya stika ya kwaya. Nikaangalia dirisha la jikoni, binti yake hakuwepo. Nikamwangalia yeye.

"Siielewi, Fundi," nikasema. "Hebu iangalie." Nikavuta kile kishikio cha boneti.

Akaitoa mikono makwapani. Akaja, akapapasa chini ya boneti mpaka akapata kitasa, akainyanyua. "Washa." Nikawasha, nikatoka, nikasimama kando yake kama zamani, tochi tu ndiyo haikuwepo. Hakuchungulia popote. Mkono ulikuwa unatetemeka njia nzima mpaka ulipofika kwenye mpira wa juu wa rejeta. Akaushika. Mkono ukatulia.

Nikajua kwisha habari yangu.

Tulisimama. Dakika tano, dakika nane. Pumzi zetu nyeupe. Kama ungekuwa unapata uvuguvugu taratibu, angeshaondoa mkono. Jirani mmoja alipita na mbwa, akatutazama. Hasira zangu zote za miaka mitatu sikuziona zilipo. Halafu Fundi akautoa mkono ghafla, akapuliza vidole.

Akaitazama injini. Akashusha boneti polepole, akaikandamiza kwa viganja viwili mpaka ikalia.

"Imezoea," akasema.

Imezoea! Baada ya lori, na ukungu, na kuitwa ofisini, na misimu miwili ya kuganda makusudi! Nikafungua mdomo na kabla sijasema lolote akawa ameshazunguka upande wa dereva, ameinama dirishani.

"Na hiyo stika uitoe sasa. Dereva lazima auone mshale wake."

Nikabaki nimeshika mlango. "Fundi. Ulijua?"

"Nesi, nimeshika injini miaka thelathini. Stika?"

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia ya kwaya."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli, sauti ikanitoka mtaani pale kwenye nyasi zilizonyolewa. "Sasa kama ulijua gari inajipasha yenyewe, alfajiri zote zile, misimu miwili, kwenye baridi, na kandambili, ulikuwa unashuka kuniwashia ya nini?"

Fundi alikuwa ameshatoa kadi yake ya supamaketi mfukoni. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesahau somo jepesi kuliko yote, akaegemeza mkono wa kushoto kwenye boneti ili usitetemeke, akaanza kukwangua.

"Kioo si kilikuwa na barafu?"